Bibi Nargisi Hafutiki

Kwa wewe uliyeikosa wiki iliyopita kwa sababu gazeti lako liliwahi kufungiwa vitumbua, nakukumbusha kwa ufupi, halafu tuendelee kunicheka pamoja.

Mimi ni Abdulatif, Latifu kwa walionizoea, muuza mapazia wa Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi. Nimepeleka posa kwao Chiku, Gerezani. Mama yake, Bi Salma, kaipokea barua vizuri, kanikaribisha kahawa, halafu kaniambia neno lililonifanya nimeze kashata bila kutafuna: "Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe. Ila sitoi jibu mpaka nimsikilize Bibi Nargisi wa kule Barazani."

Barazani ni jukwaa la mtandaoni. Watu wanaandika shida zao, wengine wanajibu, na kila mazungumzo huko huitwa uzi. Bibi Nargisi ndiye mshauri wa ndoa anayeheshimiwa kuliko wote. Bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, mcheza lelemama mstaafu, mwenye ulimi wa pilipili.

Bibi Nargisi ni mimi.

Usinitazame hivyo. Sikupanga. Nilijiunga Barazani kwa jina langu, nikawa natoa ushauri wa maana kabisa, hakuna aliyenijibu. Hata wa kunitukana sikupata. Siku moja kwa hasira nikafungua akaunti ya bibi, nikaandika ushauri uleule, neno kwa neno.

Watu wakaanza kuniamkia. Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi, mpaka kidole kikachoka kuandika marahaba.

Mwanamume anayepewa shikamoo asubuhi nzima, huku futikamba iko shingoni na mteja anamfokea kwamba shela, lile pazia jepesi la ndani, imepungua upana, hawezi tena kurudi kuwa mtu wa kawaida.

Sasa shimo lenyewe nililochimba. Jirani yangu wa fremu ya pili, Uledi, naye muuza mapazia, aliwahi kuninyang'anya mteja aliyekuwa anavalisha madirisha ya nyumba nzima ya wageni. Kumwambia usoni sikuweza. Uledi ana mabega. Nikamwachia Bibi. Bibi akafungua uzi: "Msimwoze Binti Yenu kwa Muuza Mapazia wa Kariakoo."

Akaandika kwamba mtu anayeshinda akiuza vitu vya kufichia madirisha, naye ana yake ya kuficha. Na kwa kuwa siku ile Bibi alikuwa amepandisha, akamalizia hivi: "Hata mimi mwenyewe nikirudi kesho kuwaambia kuna muuza mapazia mwema, msinisikilize. Jueni nimeshahongwa shela."

Uledi akaoa baada ya muda mfupi, Tanga, kwa watu ambao hawajawahi kuisikia Barazani.

Uzi ukabaki unanisubiri mimi.

* * *

Asubuhi iliyofuata ile kahawa ya Bi Salma, sijamaliza hata kutundika sampuli mlangoni, simu ikalia. Ujumbe wa faragha kwa Bibi Nargisi, kutoka kwa memba anayejiita Mama Chiku.

"Bibi, shikamoo. Binti yangu ameletewa posa na muuza mapazia wa Kariakoo. Nimeusoma uzi wako mara nyingi. Niambie, nifanye nini?"

Nikacheka peke yangu dukani. Riziki gani hii? Mkwe anakuja mwenyewe kuniuliza kama anioze! Nikaandika bila kupumua: "Marahaba mwanangu. Huyo mwoze. Namwona kwa mbali kuwa ni kijana mtaratibu, mchapakazi, na sura yake si mbaya."

Jibu likarudi upesi.

"Bibi, mbona hivi? Si ulisema hata ukirudi wewe mwenyewe kuwasifu tusikusikilize?"

Nikakaa juu ya robota la mapazia mazito.

Kuna watu wanaoharibiwa maisha na maadui. Mimi nimeharibiwa na bibi kizee ambaye hayupo, na alinifungia mlango kabla sijajua kwamba nitapita.

Basi nikaona dawa ni moja: ule uzi ufutwe. Ukifutwa, Bi Salma hatakuwa na cha kurejea, na atabaki na kumbukumbu yake tu. Nikaingia Barazani nikitafuta kitufe cha kufuta.

Hakuna. Barazani hakufutwi kitu. Na hakufutwi kwa sababu mwaka juzi mwenye jukwaa aliuliza wanachama, je, mtu aruhusiwe kufuta alichoandika? Watu wengi wakasema ndiyo, haki yake. Kura zilikuwa zinaelekea huko mpaka alipotokea mtu mmoja na kuandika maneno yaliyogeuza kila kitu.

"Wanangu, mate yakishatemwa hayarambwi. Ukisema barazani umesema mbele ya watu, na watu wameshakujibu. Ukiondoka na swali lako, unawaacha wenzio wanaongea na ukuta. Asiyetaka kusomwa kesho asiandike leo."

Unajua aliyeyaandika. Na usidhani yalitoka moyoni. Nilikuwa nasubiri chipsi.

* * *

Kesho yake asubuhi nikafungua akaunti mpya. Nikajiita Mstaarabu. Nikaanzisha uzi: "Memba Apewe Haki ya Kufuta Maneno Yake."

Niliandika vizuri, jamani. Nikasema binadamu hubadilika. Nikasema hata polisi wakikukamata kuna siku wanakuachia, vipi sentensi moja ikufunge maisha?

Wa kwanza kujibu alikuwa dada mmoja. "Namuunga mkono Mstaarabu. Nilipokuwa chuoni niliandika hapa kuhusu ugonjwa wangu, nikiomba msaada. Nimepona, nimeolewa. Sasa mawifi zangu wanausoma ule uzi wakinywa chai. Nimeomba ufutwe, nimeambiwa kanuni hairuhusu."

Huo nikausoma mara mbili. Huyu hakuwa na Uledi wala hila. Alikuwa na shida ya kweli, na aliyemfungia mlango alikuwa mimi na chipsi zangu.

Akaja fundi pampu, Safari. "Na mimi je? Kuna mtu aliuliza pampu yake inazimika kila saa, nikamjibu kwa kirefu, na picha nikachora. Watu mpaka leo wanaisoma wanatengeneza pampu zao. Mwenyewe akifuta swali na jibu langu likaenda, ni haki hiyo?"

Huyu naye alikuwa na lake. Nikaanza kuona kwamba jambo lenyewe si dogo, na mimi ndiye mtu mwenye nia mbaya kuliko wote waliokuwemo.

Kisha kikaja nilichokiogopa. Mtu akabandika maneno ya Bibi. "Mate yakishatemwa hayarambwi." Mwingine akabandika tena. Wa tatu akabandika kwa herufi kubwa. Kila hoja ya Mstaarabu ikijibiwa na Bibi, Mstaarabu anakaa chini.

Nimewahi kugombana na machinga aliyepanga viatu mlangoni kwangu, nikashindwa. Nimegombana na mwenye fremu, nikashindwa. Lakini kushindwa na mimi mwenyewe mbele ya umma, hilo lilikuwa geni.

"Bibi Nargisi, njoo umjibu mtoto huyu!" wakaanza kuita.

Nikasema, haya, mmemtaka Bibi, Bibi anakuja. Nikatoka kwenye akaunti ya Mstaarabu, nikaingia kwenye ya Bibi, nikaandika: "Wanangu, nimefikiri upya. Kijana Mstaarabu amesema kweli. Mwacheni mtu afute, na mimi nitaanza kufuta vyangu."

Nikasubiri shangwe.

Halafu mtu akaandika: "Huyu si Bibi."

"Kweli, Bibi hana adabu kiasi hiki."

"Bibi angeanza kwa kutuita vipofu."

Na Mama Chiku, yaani Bi Salma, akatia msumari: "Ndugu zangu, nilikuwa najizuia kusema. Jana nilimuuliza Bibi jambo faraghani, akanijibu kwa upole nikashtuka. Akaunti ya Bibi imeingiliwa. Na Bibi mwenyewe hatujui yuko wapi."

Kabla ya adhuhuri kulikuwa na uzi unaitwa "Bibi Nargisi Yuko Wapi?" Watu wanaomba dua. Jamaa mmoja wa mnada wa samaki Feri akaapa kwamba amemwona Bibi akinunua changu, akiwa na afya njema ila amekonda. Mwingine akashauri wapite hospitalini.

Mwenye jukwaa akaingia na tangazo. "Akaunti ya Bibi Nargisi imefungwa kwa usalama wake. Tunamwomba Bibi mwenyewe, au ndugu yake, afike ofisini kwetu."

Ndivyo nilivyofukuzwa kutoka kwangu kwa kosa la kujifanya mimi.

* * *

Mchana Chiku akapita dukani akitoka kazini kwake, duka la dawa pale Msimbazi. Kaniletea ndizi za kuchoma kwenye karatasi.

"Mambo?"

"Poa."

"Si poa. Uso wako umekaa kama kodi ya fremu imepanda."

"Mama anaendeleaje?" nikauliza, kama mtu asiyejua.

"Mama hali chakula. Anasema Bibi ametekwa. Kanituma nimuulizie mpaka kwa wacheza lelemama wa zamani huko Ilala." Akanikazia macho. "Latifu, mama yangu tangu baba afariki hana rafiki anayemsikiliza zaidi ya huyo bibi. Usimwone ni mshamba."

"Sijasema ni mshamba."

"Hujasema kitu. Ndiyo nashangaa. Wewe kwa kawaida hunyamazi."

Mteja akaingia akitaka ringi za pazia. Nikamhudumia kwa bidii ambayo hajawahi kuiona Kariakoo nzima, mpaka Chiku akachoka kusubiri, akaaga.

Nikafunga duka mapema, nikaelekea ofisini kwa mwenye jukwaa.

* * *

Ofisi iko Kisutu, ghorofa ya juu, ngazi nyembamba, chini yake duka la vyombo vya jikoni. Mwenyewe anaitwa Pranav, mtu wa makamo, mpole, miwani imepanda kichwani na bado anaitafuta mezani.

"Karibu kaka. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya Bibi Nargisi."

Akasimama. "Mzima? Wewe ni mjukuu wake?"

Wasomaji, ndiyo ilikuwa mdomoni. Mjukuu! Neno moja ningetoka salama. Lakini nilishaona jinsi ninavyofanikiwa nikiongeza watu ambao hawapo.

"Mimi ndiye yeye," nikasema.

"Ndiye nani?"

"Bibi."

Pranav akaketi. Akanitazama ndevu, akanitazama futikamba, maana nilisahau kuivua. Akanisogezea karatasi na kalamu. "Mke wangu kaninunia kwa sababu nimechelewa kurudi nyumbani. Nishauri kama Bibi."

Nikaandika mistari mitatu. Akaisoma. Akainuka, akafunga mlango taratibu, akageuka.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," nikajibu, kwa mazoea.

Akacheka mpaka miwani ikamwangukia machoni, akaipata. "Mama yangu ananisomea maneno yako mezani, kaka. Bi Vidya huyo, hamsikilizi mtu. Akijua, ataugua. Haya, niambie kilichokuleta."

Nikamweleza yote. Uledi, posa, Bi Salma. Nikamaliza kwa kuomba: "Nifutie ule uzi wa mapazia. Huo mmoja tu."

"Unajua mimi nilitaka watu waruhusiwe kufuta?" akasema. "Niliona aibu kuwashikilia watu maneno yao. Wewe ndiye uliyenishinda. Nikalala nikisema, yule bibi ana akili."

"Hana."

"Sasa unataka kanuni ivunjwe kwa ajili ya aliyeitunga."

"Nataka kuoa, Pranav."

Akakuna shingo. "Naweza kuufuta. Kwangu mimi kitufe kipo. Lakini mfumo wangu wa kizamani, nikiondoa andiko la kwanza, uzi wote unaporomoka. Majibu ya watu wote yanakwenda na maji."

"Yaende."

"Umeyasoma?"

Nikaona haya. Nilikuwa nimesoma yale ya kunisifu tu.

Akageuza kompyuta upande wangu, akashusha, akashusha, akasimama. "Kabla sijafuta, soma hili."

Aliyeandika alijiita Awadhi Fundi Saa, Gerezani.

"Bibi, shikamoo, ingawa huenda mimi ni mkubwa kwako. Leo umewaonea wauza mapazia. Mimi ni fundi saa, na baba mkwe wangu aliwahi kusema hayohayo juu yangu, kwamba fundi saa anashinda akichungulia vya watu kwa jicho moja. Wakati ule Salma alikuwa akiniletea saa ya mezani ya kwao. Leo imesimama, keshokutwa imesimama tena. Naifungua, naipuliza, naifunga, namrudishia. Bibi, saa ile ilikuwa nzima. Nilijua tangu mara ya kwanza. Mpaka leo tuna wajukuu sijamwambia kuwa najua, nisije nikamtia haya. Basi usiwakatie watu tamaa kwa kazi zao. Mwachie binti aende na saa yake."

Chini yake Mama Chiku alikuwa amejibu: "Kumbe ulijua, mzee wewe! Zima simu uje, chai inapoa."

Nikainua macho. Awadhi ni baba yake Chiku. Alifariki muda si mrefu baada ya maneno yale. Nilimjua kwa picha ya ukutani tu.

"Endelea," Pranav akasema.

Chini zaidi lilikuwa jina la Bi Salma peke yake, tena na tena, kwenye uzi ambao watu wengine wote walishauacha.

"Assalaam alaykum, Awadhi. Leo Chiku kapika samaki wa nazi, kakosea chumvi kama mimi."

"Assalaam alaykum, Awadhi. Mvua imeingia jikoni, upande ule uliosema utauziba."

"Assalaam alaykum, Awadhi. Nimeota unapuliza ile saa."

Na la mwisho, la wiki ile ile: "Assalaam alaykum, Awadhi. Mtoto ameletewa barua. Muuza mapazia! Najua ungecheka. Wewe ungemkubali. Mimi naogopa kukosea peke yangu, ndiyo maana namtafuta Bibi."

"Kila wiki huyu mama anaingia," Pranav akasema kwa sauti ya chini. "Anamsalimia mumewe, anatoka. Mimi sijawahi kumsemesha." Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. "Nifute?"

"Ondoa mkono hapo!"

Nilipiga kelele mpaka mtu wa duka la vyombo akauliza huko chini kuna nini.

Nikatoa kipande cha sampuli mfukoni nikafuta macho. Kilikuwa cha shela. Shela hainyonyi kitu, unazidi kujipaka.

Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikitafuta namna ya kubomoa mahali pekee ambapo kulikuwa na mtu ananitetea. Na mtu huyo ni marehemu, hanijui, na alinitetea dhidi yangu.

"Sasa utafanyaje?" Pranav akauliza.

"Nitamwambia mwenyewe. Uso kwa uso."

"Akikunyima mtoto?"

"Atakuwa amefuata ushauri wa Bibi."

Nilipofika mlangoni nikageuka. "Pranav, yule dada aliyeandika kuhusu ugonjwa wake. Hata kama uzi ni wa wote, huwezi kumwondolea jina lake, maneno yakabaki?"

Akafikiri. "Naweza. Hakuna aliyewahi kuniomba hivyo."

"Basi mwambie Bibi ameomba."

* * *

Pale chini barabarani, kabla ujasiri haujapoa, nikamtumia Chiku ujumbe wa sauti. Nikamwambia kila kitu: kwamba Bibi ni mimi, uzi ni wangu, na kesho baada ya swala ya Ijumaa nakuja kumwambia mama. Nikamaliza kwa kusema, "Nisamehe." Sauti ilikatika hapo, si kwa majonzi, mkokoteni wa mchele ulikuwa unanisukuma na mwenyewe, akikiona kile kitambaa bado mkononi mwangu, anafoka, "Oya, pisha mzigo, shela wewe!"

Halafu nikazima simu.

Ndiyo, niliizima. Nilijua Chiku akinijibu kwa hasira sitakwenda, na akinijibu kwa upole sitakwenda pia. Ikabaki imezimwa usiku kucha na asubuhi yote. Ujasiri wangu ni kama mshumaa wa keki, haufai kupulizwa.

Ijumaa nikavaa kanzu, nikaswali, nikatembea mpaka Gerezani nikisoma hotuba yangu kwa midomo kama mtoto wa madrasa. Nikabisha hodi.

"Karibu, karibu!" Sauti ya Bi Salma, ya furaha ambayo sijawahi kuisikia.

Nikaingia. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na bahati yako. Kaa. Unamjua huyu?"

Kwenye kochi, chini ya picha ya Mzee Awadhi, alikuwa ameketi bibi kizee. Baibui jeusi, hina vidoleni, mkoba mapajani, na kikombe cha kahawa mkononi.

"Ndiye Bibi Nargisi," Bi Salma akasema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Kaja mwenyewe! Mzima, hakutekwa."

Nikakaa kwenye kiti cha karibu.

"Shi... shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," akajibu yule kizee. "Nasikia unauza mapazia."

"Ndiyo."

"Niliwaandika vibaya nyie. Nilikuwa naumwa jino siku ile. Mtu akiumwa jino asipewe simu."

Bi Salma akacheka. Mimi nikaona wivu. Jino! Sababu nzuri hivyo, na mimi miaka yote hii sikuifikiria.

"Sasa Bibi," Bi Salma akasema, "umemwona. Tumpe mtoto?"

"Mpeni. Ana macho ya mtu anayeogopa, na mwanamume anayeogopa hapotei mbali." Akanywa kahawa. "Ila mwacheni kwanza aseme. Naona ana neno kooni."

Hapa mtu mwenye akili angesema alhamdulillahi, akaomba kashata.

Lakini mimi nilikuwa natazama mkoba wa yule kizee, na nilikuwa namtazama Bi Salma alivyokaa karibu naye, amemshika mkono kama mtu aliyemkuta ndugu yake. Nikawaza: huyu ni tapeli. Kasoma kule mtandaoni kwamba kuna mjane anamtafuta bibi, kaja kujinufaisha. Leo kahawa, kesho atauliza dhahabu ya mahari iko wapi. Na mimi ndiye ninayejua, na nikinyamaza ili nioe, basi mke nitampata kwa kumuuza mama yake.

Mara ya kwanza katika maisha yangu nikajisikia kuwa mtu mwema. Ni hisia tamu. Inapofusha.

Nikasimama.

"Mama," nikasema, na sauti ilitoka nzito, sijui niliitoa wapi. "Mkono huo uachie. Huyu si Bibi Nargisi. Ni mwongo. Nasema hivyo kwa sababu Bibi Nargisi namjua tangu alipozaliwa. Bibi Nargisi ni mimi."

Kikombe cha yule kizee kikasimama njiani.

Chiku alikuwa ametokea mlango wa jikoni na sinia. Nadhani alikuwa amesimama pale muda, kwa sababu kichwa alikuwa anakitikisa, anakitikisa, kama mtu anayezuia gari linalorudi nyuma kugonga ukuta. Mimi nilikuwa namwona. Nilidhani ananihurumia.

Akaweka sinia juu ya meza.

"Latifu," akasema taratibu sana, "tangu jana nakupigia nikueleze, simu yako umeizima ya nini?"

Bibi wa watu akakusanya mkoba wake. "Chiku, mwanangu," akasema, "si uliniambia kule Ilala kwamba huyu kijana tuko naye pamoja?"

Bi Salma akauachia mkono wa mgeni. Akanitazama mimi, akamtazama binti yake.

"Pamoja," akasema, "katika nini?"